Kidonda Tulichokilisha

Dar es Salaam
6 Januari 2025

Umetaboli ni jumla ya mabadiliko yote ya kikemikali yanayofanyika ndani ya kiumbe hai, ambayo kwayo chakula huvunjwa kikawa nguvu, na nguvu hiyo ikajenga au ikatenda. Si mmeng'enyo wa tumboni. Huo ni mlango tu. Umetaboli hufanyika ndani ya kila seli, na kila aina ya seli ina mwenendo wake.

Shikamoo, dada Zuleha. Nimetanguliza fasili kabla ya salamu kwa makusudi, kwa sababu katika barua yako ya Desemba ulinisuta kwamba huwa nakuzungusha ukurasa mzima kabla ya kujibu swali. Sasa umejibiwa mstari wa kwanza, usilalamike.

Mimi sijambo. Dagaa uliowatuma wamekwisha. Mwenzangu wa maabara, Esther, aliwaonja mara moja akawa mgeni wa kila Jumapili. Kazi inaendelea vizuri. Mpe mama salamu zangu, na umwambie nimeacha kula mkate mkavu usiku. Nashukuru pia kwamba hata kwa kidonda cha jirani umeshika usia wa marehemu baba, kwamba simu ni ya salamu na wino ni wa mambo mazito.

Nije kwa jirani yenu, Rozalia. Umeandika kwamba alikanyaga mwiba wa samaki kule ufukweni Kibirizi, asiusikie hadi jioni alipoona damu kwenye kandambili. Kwamba mguu umevimba, homa inakuja na kuondoka. Na kwamba majirani wanabishana kama mwenye homa alishwe au apumzishwe tumbo.

Seli nyeupe ya damu iliyotulia huchoma mafuta na sukari polepole, kwa msaada wa oksijeni. Ikigusana na bakteria hubadili mwenendo mara moja: huanza kuvunja glukosi kwa kasi kubwa, kwa njia yenye upotevu mwingi lakini yenye haraka. Ni kama mpishi aliyevamiwa na wageni akaacha mkaa na kushika nyasi kavu. Mfano huu una kasoro moja, kwa kuwa ndani ya seli nyasi hizo si kuni tu, bali pia ni malighafi ya silaha. Bakteria wakishashindwa, mwako wa taratibu hurudi, na huo ndio unaokwenda pamoja na kufunga kidonda.

Kwa hiyo jibu langu kwa majirani ni hili: asiachwe na njaa. Seli zinazopigana hula sukari. Mpeni uji mara kwa mara, wenye sukari ya kutosha, pamoja na dawa za zahanati.

Nduguyo,
Khalfani


Ujiji
20 Januari 2025

Mdogo wangu Khalfani, marahaba.

Barua inayoanza na umetaboli kabla ya shikamoo, baba angeirudisha posta na kalamu nyekundu juu yake. Lakini nimekusamehe, kwa kuwa mimi mwalimu wa historia nimeielewa, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa barua zako.

Huku shule zimefunguliwa na nimepewa kidato cha pili, watoto sabini darasani na madawati ya watoto arobaini. Binamu Dadi ameposa. Mahari imekubaliwa, bado wanabishana kuhusu taarabu. Ziwa lililofurika halijarudi lilikokuwa; wenye vibanda vya chini wamehamia juu. Mama hajambo, anakusalimu.

Kuhusu Rozalia, tumefanya kama ulivyoandika. Uji wa ulezi asubuhi sana na jioni, na kijiko kimoja cha sukari kimekuwa viwili, kisha vitatu. Asali tumeagiza Kasulu. Wanaokuja kumwona wanaleta soda na pakiti za glukosi, nami siwazuii tena, maana nimewasomea sentensi yako: seli zinazopigana hula sukari. Bi Jokha wa nyumba ya tatu ameigeuza kuwa methali. Mtoto wake akililia pipi humwambia, "Nenda kapigane kwanza."

Lakini kidonda hakifungi. Kidole cha pembeni kimekuwa cheusi kama bilinganya, na kuna harufu ambayo udi hauifichi. Ana kiu isiyokatika; anaamka usiku kwenda haja mara nyingi hata nimemwekea ndoo karibu. Mchana ndiyo taabu kubwa, kwa sababu anamalizia siku zake za Ramadhani iliyopita kabla mwezi mwingine haujaingia, nami siwezi kumlazimisha. Basi nafidia baada ya magharibi.

Niambie jambo moja tu. Seli zikishapewa sukari ya kutosha, huchukua muda gani kushinda? Andika haraka kidogo.

Dada yako,
Zuleha


Dar es Salaam
1 Februari 2025

Shikamoo, dada.

Sina habari ya kuanza nayo. Barua yako imenifikia jana jioni, nami nimeisoma mara nyingi nikitumaini kwamba nimekosea.

Rozalia wa Buzebazeba namfahamu. Anauza mawese sokoni na anaimba kwaya ya parokia tangu tukiwa watoto. Rozalia hana siku za Ramadhani za kulipa. Na ndoo ya usiku haiwekewi jirani, huwekewa unayelala naye nyumba moja; na humo, ukijitoa wewe, mwenye siku za kulipa ni mama peke yake.

Nikaendelea kufikiri, na ningependa ningeishia hapo. Mwanamke wa umri wa mama hana siku za kulipa isipokuwa alisafiri au aliugua. Hakusafiri. Basi Ramadhani iliyopita aliugua, daktari akamzuia kufunga, na mimi sikuambiwa. Unganisha hayo na kiu, na haja ya mara kwa mara, na mwiba aliokanyaga asiusikie kwa nyayo zilizokufa ganzi. Hilo la mwisho uliniandikia Desemba. Lilikuwa mbele ya macho yangu, mimi ninayelipwa kwa kuona, nikaliruka kwenda kueleza mpishi na nyasi.

Mama ana kisukari. Si swali.

Nilipiga simu kwako jana usiku uleule, kinyume cha usia. Alipokea yeye.

"Nani?"

"Shikamoo mama, ni Khalfani."

"Marahaba baba. Umekula?"

"Nimekula. Mguu unaendeleaje?"

"Mguu gani? Mimi ninayo miwili."

"Yote miwili, mama."

"Inanifikisha ninakokwenda. Wewe oa, uwe na wa kumuuliza habari za miguu."

Akacheka. Dada, kicheko kile kilikuwa na pumzi fupi. Nikakuandikia ujumbe: acheni sukari zote, mpelekeni hospitali leo. Ukajibu: "Sawa. Usipige tena, anasikia." Tangu hapo hupokei. Ndiyo maana barua hii inakuja kwa mkono wa Esther, anayepanda ndege asubuhi kwa shughuli zake za Kigoma. Atakaa nawe mpaka uisome.

Naiondoa sentensi yangu. Haikuwa uongo, ilikuwa kweli kwa mtu mwingine. Watu husema kwamba katika kisukari sukari imejaa damuni lakini haiingii kwenye seli. Kwa misuli na mafuta hilo ni sahihi kwa kiasi kikubwa. Kwa seli nyeupe si hivyo, na hapo ndipo penye hatari. Hizi hazingoji insulini ziingize sukari. Huoga ndani yake mchana na usiku. Zile zinazopaswa kufika kwanza kwenye kidonda huchelewa, na zikifika humeza bakteria kwa uvivu. Zile kubwa, zinazopaswa kuwasha moto kisha kuuzima na kusafisha, huwasha na zikashindwa kubadili mwenendo. Moto unabaki, unaunguza nyama ya mwenyewe, na bakteria wanakula sukari ileile tunayoileta kwa vijiko.

Hapa maabara ninaziona seli hizo kila siku kwenye vyombo vya kioo. Najua zinavyoonekana zinapochoka. Leo sikuweza kuziangalia.

Niruhusu nije.

Khalfani


Ujiji
9 Februari 2025

Mdogo wangu, marahaba.

Namshukuru Esther. Hakukaa tu mpaka niisome; alivua viatu, akamwangalia mama mguu, akatoka nje kuita gari. Mama alimuuliza, "Wewe ni mke wa Khalfani?" Akasema hapana. Mama akasema, "Basi una haki gani ya kunifokea?" Lakini alipanda gari.

Dadi na mkwewe mtarajiwa wamekuja hospitali pamoja, wamesahau ugomvi wa taarabu. Watoto wa shule wanajisomea wenyewe. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Sasa yale ambayo sikukuandikia. Ni miaka mitatu. Aligunduliwa ulipokuwa unaandika tasnifu yako, naye akasema mtoto wa mbali haongezewi mzigo, ukimaliza utaambiwa. Ulipomaliza akasema, "Kazi yake ni kuchunguza wagonjwa. Mwambie mimi si panya wake." Kila mwaka ulipita hivyo. Unajua desturi yetu, aliye mbali huambiwa kheri, na shari huikuta akifika. Nilipoona mwiba umemwingia asiusikie niliogopa, nikatafuta njia ya kukuuliza bila kukuambia. Rozalia alikuwa karibu, nikamtwika kidonda.

Naye amejua. Alikuja wodini na kikapu cha ndizi, nikalazimika kumweleza kwa nini watu wa mtaani wanampa pole. Alishika kichwa. "Mana yanje, Mungu wangu! Zuleha, mmeniuguza mwezi mzima bila hata kuniuliza? Ndiyo maana padri kaja kuniombea!" Mama alicheka mpaka muuguzi akamkemea. Kisha Rozalia akatoka hadi kwenye korido, akalia.

Walipompima, mashine haikutoa namba, iliandika herufi tu. Muuguzi Winfrida alisema ikiandika hivyo maana yake sukari imepita mwisho wa kipimo. Nilikuwa nimesimama pale na chupa ya asali kwenye mkoba. Sasa anachomwa insulini na dawa za mshipani, na sukari imeshuka. Homa haijashuka. Daktari anasema vidole viwili vimekufa na vinapeleka sumu juu. Vikatwe sasa, ama baadaye watakata chini ya goti, kama baadaye ipo. Hiyo kauli ni yake, si yangu.

Mama amekataa. "Nilikuja na kumi, nitarudi na kumi." Nimemsihi, Dadi amemsihi, shehe amemweleza kwamba dini haina pingamizi. Anamjibu kila mmoja kwa upole kama anayekataa chai. Jana alisema jambo lililonitia baridi: "Anayejua mambo ya nyama na damu katika ukoo huu ni Khalfani. Naye hajasema nikatwe." Nikamwambia Khalfani hajui kama unaumwa. Akatabasamu, akafumba macho. "Vizuri. Basi bado sijafika huko."

Umeelewa? Kutojua kwako ndiyo dawa anayoinywa. Unakumbuka bibi alipougua? Baba aliitwa kutoka Tabora. Bibi alipomwona mlangoni na begi lake alisema neno moja, "Kumbe," akageukia ukutani, na hakugeuka tena. Mama ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Kwa hiyo usije, Khalfani. Ukionekana mlangoni hapa utakuwa umemwambia kila kitu kabla hujafungua mdomo.

Nina swali ambalo siwezi kumuuliza daktari. Niliishika barua yako kama hukumu, na sukari niliikoroga kwa mkono wangu huu. Nilijua ana kisukari. Nilijua, lakini ulikuwa umeandika kwa uhakika sana, nami nilitaka kuwe na kitu cha kumfanyia. Je, ni mimi?

Zuleha


Mwanga, Kigoma
13 Februari 2025

Shikamoo, dada.

Usishtuke kwa anwani. Nimefika tangu juzi, na barua yako ya kunikataza, uliyompa Esther aitume, nimeisomea hapahapa. Nimepanga chumba kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi. Kofia sivui, barabara ya hospitali siipiti. Barua hii anakuletea Rozalia, ambaye nilimkuta sokoni nikanunua mawese nisiyoyahitaji ili nizungumze naye. Alinitazama akasema, "Wewe ndiye uliyeniandikia sukari?" Nikasema ndimi. Akanifungia mawese, akaongeza kidogo juu, akasema ataipeleka.

Esther ananipa taarifa kila jioni. Homa haijashuka. Weusi umevuka vidole. Daktari anataka jibu kesho asubuhi.

Nianze na swali lako, nikujibu kama ninavyojibu wenzangu na si kama ninavyojibu dada. Haiwezekani kupima. Kidonda kilianza katika mwili ambao kwa miaka mitatu sukari yake haikuwa imetulia, na funga ya mchana yenye mlo mzito wa usiku ingeivuruga hata bila kijiko kimoja cha nyongeza. Vijiko vilizidisha. Kwa kiasi gani, hakuna ajuaye, na atakayekutajia kiasi anakudanganya. Uliyajua maradhi hukuzijua seli; mimi nilizijua seli sikuuliza maradhi. Ningeuliza neno moja tu, "Ana sukari?", ungelazimika ama kusema kweli ama kunidanganya waziwazi, na wewe huwezi kunidanganya waziwazi. Sikuuliza kwa sababu maelezo yangu yalinipendeza. Hayo ndiyo niliyo nayo, na hayakupunguzii chochote, nalijua.

Sasa la kesho. Nimelipima kama ninavyopima jambo lolote.

Nikiingia, mama ataogopa. Hofu si maneno. Tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni, ini hufungua ghala lake, sukari hupanda hata kwa mtu ambaye hajala kitu. Homoni nyingine ya hofu huzituliza seli nyeupe wakati uleule zinapotakiwa kuamka. Kwa hiyo siingii peke yangu. Naingia na kijiko kingine, na safari hii nitakuwa nimekikoroga mwenyewe mbele ya macho yake. Insulini inaweza kuongezwa ikaifuata sukari hiyo. Winfrida atapima na kuchoma. Kwa seli zilizotulizwa na hofu sina sindano.

Nisipoingia, hatakubali. Amekwisha kusema kwamba neno analolingojea ni langu, na ametulia kwa kuwa halijatoka. Kwa simu atauliza mguu gani. Kwa barua, utamsomea wewe, naye atasikia sauti yako, si yangu. Vidole vikibaki, bakteria wataendelea kupata nyama iliyokufa, ambako damu haifiki, na isikofika damu, seli hazifiki wala dawa. Hapo hesabu ni rahisi na siipendi: nyama ile ikikaa, atakufa.

Ukitazama hivyo, niingie. Sukari ya hofu hupanda ikashuka. Mguu uliokufa haurudi. Ningesaini hoja hiyo kama ingekuwa ya mgonjwa mwingine yeyote.

Lakini bibi hakuwa na kidonda. Nimelikumbuka hilo usiku huu, nami najua wewe pia unalikumbuka. Alikuwa na homa ya mapafu, alikuwa ameanza kunywa supu, na walio karibu walikubaliana kwamba anapata nafuu. Baba akaingia na begi. Sayansi ninayoijua inaniambia kwamba neno moja haliui. Inaniambia pia kwamba hakuna mtu aliyewahi kupima damu ya mwanamke mgonjwa dakika ile anapomwona mwanawe wa mbali amesimama mlangoni. Hapo hatuna takwimu. Tuna bibi tu, na mama aliyekuwa amemshika mkono na kuona.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo linalonizuia kulala. Esther anasema sukari ya mama hupanda jioni, baada ya saa ya wageni, bila chakula wala sababu, na kwamba kila mlango wa wodi unapofunguliwa yeye huinua kichwa kwanza, kisha hutabasamu. Mimi ndiye niliyemuuliza habari za mguu ambao hakuna aliyeniambia unauma. Akaniuliza mguu gani, naye si mjinga; huenda alijua palepale kwamba najua.

Nitakuwa nje ya geti la hospitali alfajiri. Ukiniashiria nitaingia, usiponiashiria nitangoja. Ila kabla hujaamua, mtazame vizuri, kisha unijibu hili ambalo mimi nimeshindwa: hofu ninayoogopa kumpelekea, bado haijamfikia, au imo damuni mwake tangu usiku ule nilipopiga simu, na tunachomnyima sasa ni mtu wa kuiogopa pamoja naye?

Khalfani